Vigelegele Vitano vya Goti la Ngatia

Njooni, enyi mkaao juu ya matuta na ninyi mkaao chini mabondeni, mliochuma kahawa tangu alfajiri na mliolala mpaka chai ikapoa. Wekeni ndoo chini, zimeni redio, mfungeni mbwa. Sisimulii habari za wafalme, maana Gakindu hatukuwahi kuwa na mfalme wala hatukumhitaji. Nasimulia vita vilivyopiganwa majuma matatu juu ya kochi la watu watatu, katika nyumba ya Mama Watiri, baina ya mwanamume mmoja na kipande cha nyama ya paja lake mwenyewe kisichozidi urefu wa kidole gumba. Asiyeamini na aende akalitazame kochi. Alama ya kisigino bado ipo.

Naanza kwa kutamka
goti lililoteguka,
msuli ukaamka,
Gakindu ikasikia.

Shujaa wetu ni Ngatia mwana wa Wambugu, Mchomelea Mageti, Kichwa cha Treni. Umri wake ulikuwa miaka thelathini na mmoja. Hakuwa na mke wala mtoto, lakini jina alikuwa nalo. Mchana alichomelea mageti pale sokoni, cheche zikimruka kama wafuasi; na kila palipokuwa na harusi kutoka kwetu hadi Nyeri mjini, yeye ndiye aliyeongoza mugithi. Asiyeijua mugithi na aelezwe: ni ngoma ya treni. Watu hushikana mabegani, mmoja nyuma ya mwenzake, wakalizunguka hema kwa hatua moja. Na aliye mbele ndiye aamuaye wapi wakate kona, wapi wasimame, na wapi washuke chini mpaka makalio yakaribie majani. Kwa miaka tisa treni yetu haikuwa na kichwa kingine.

Lakini hakuna kiti kisicho na mkodoleaji. Kahiga, muuza vipuri vya pikipiki, mwembamba, mwenye magoti ya mpira, aliutamani ukuu ule. Katika harusi moja ya mwezi wa nane aliuacha mstari, akaja mbele ya Ngatia, akashuka. Ngatia akashuka zaidi. Kahiga akashuka mpaka vumbi likamgusa. Ngatia naye akateremka pale ambapo mtu wa kilo tisini hateremki akarudi. Ndipo pia ya goti lake la kulia ikahama mahali pake, ikaenda kando kama mbuzi aliyeona kabeji, kisha ikarudi. Mlio wake ulisikika juu ya spika. Mpiga gitaa alidhani waya umekatika.

Na siku hiyo yalikuwa yamebaki majuma matatu tu kabla ya ngurario ya Shiro, dada wa pekee wa Ngatia: siku ambayo wakwe wangetoka Kiganjo, bwana harusi Ben akate mguu wa mbuzi mbele ya wazee, na ndoa ikamilike kwa mila. Baada ya nyama, mugithi. Ngatia alikuwa ameapa mbele ya Shiro kwamba treni ya siku yake ataiongoza yeye na si mwingine. Kahiga hakuapa kitu. Alinunua viatu.

Basi Ngatia akapelekwa Nyeri, kwenye kliniki ndogo ya mazoezi ya viungo, akalazwa mbele ya Rowda binti Guled. Huyu Rowda alizaliwa Nanyuki katika nyumba ya wauza mbuzi, na vidole vyake havikudanganyika.

"Daktari," akasema Ngatia akiwa chali, suruali imekunjwa hadi juu, "mbele yako limelala paja lililobeba mageti ya futi kumi na mbili; lililopanda milima yetu na mfuko wa saruji begani; lisiloomba msaada wa mtu tangu lilipozaliwa. Liulize lolote. Litajibu."

"Kaza," akasema Rowda.

Ngatia akakaza. Paja likavimba, mishipa ya shingo ikasimama, kitanda kikalia.

"Hapana. Hapa." Rowda akaweka kidole juu kidogo ya goti, upande wa ndani. "Hapa hakuna mtu."

"Ati hakuna mtu?"

"Baba yangu akishika mguu wa mbuzi, anajua kama alikua mlimani ama alifungwa kwa kamba. Wewe umekua mlimani, lakini mguu wako unafanya kazi upande mmoja. Huyu msuli wa nje amenenepa, anabeba kazi ya wote, na anavuta pia ya goti ije kwake. Huyu wa ndani, mdogo, ameshtuka vile uliumia, akalala. Mpaka aamke, hiyo pia itaendelea kutoroka. Tunataka kumwamsha yeye, si jirani yake."

Kisha akamwonyesha silaha. Taulo moja, ikunjwe kama chapati, iwekwe chini ya goti. Mguu unyooke, vidole vitazame dari. Goti liibonyeze taulo polepole, kwa hesabu ya tano, na kidole cha mkono kikae palepale pa ndani kungoja dalili. Makalio yasikaze. Meno yasikaze. Mara kumi, asubuhi, mchana na jioni.

"Akishaamka," akaongeza, "si kabla, utafunga pakiti ya mchele ya kilo moja kwa kifundo, uinue mguu nayo."

"Na mugithi?"

"Utanyoosha mguu, uuinue uuache hewani bila goti kulegea, mimi nihesabu. Ukifika kumi, utacheza. Ukifika tisa, utakaa kwa kiti na wamama, uwalindie mikoba."

Sasa sikilizeni kosa. Sikio la shujaa huchagua. Lile lifananalo naye huliingiza, na lingine huliacha nje likinyeshewa. Katika maneno yote ya Rowda, Ngatia aliondoka na neno moja: mchele. Kulala chali na kubonyeza taulo, hilo lilikuwa jambo la watoto wachanga. Lakini uzito! Katika matuta yetu mtu hupimwa kwa mzigo aliokuja nao, na hakuna aliyewahi kusifiwa kwa kubeba kilo moja. Akafunga kilo tano za mchele wa Wang'uru kwenye kifundo siku ya kwanza, na kumi siku ya pili. Akainua mguu huku akinguruma, na ule msuli wa nje ukashangilia, ukanenepa, ukaivuta pia ya goti kwake kama mwenyekiti wa milele avutavyo kipaza sauti.

"Hiyo mchele ni ya nini?" akauliza mama yake, Watiri, akisimama mlangoni na mwiko.

"Ni amri ya daktari, Mama. Mchele ndio dawa ya goti."

Watiri alitikisa kichwa, na Jumapili akawaambia wanawake wenzake wa kanisa, kama alivyoambiwa, kwamba madaktari wa siku hizi wanatibu magoti kwa mchele.

Juma likaisha. Goti likavimba likawa kama nduma ya kando ya mto, na Ngatia akarudi Nyeri akichechemea.

"Kilo ngapi?" akauliza Rowda bila kuinua macho.

"Kumi."

"Nilisema ngapi?"

"Moja."

"Lini?"

"Akishaamka."

"Ameamka?"

Ngatia akaanza kukunjua suruali ifunike goti.

"Ngatia ndugu yangu," akasema Rowda, "wiki nzima umekuwa ukimlisha mwizi, na mwenye nyumba bado amelala. Toa mchele. Rudi kwa taulo."

Hapo ndipo vita vya kweli vilipoanza, maana adui mwenye nguvu hupigwa kwa nguvu, lakini adui aliyelala hupigwa kwa nini? Kila siku Ngatia alijilaza kochini, juu ya vitambaa vya kufuma vya mama yake, taulo chini ya goti, kidole juu ya ngome. Akabonyeza. Makalio yakakaza, wasaliti wale. Akayakemea, yakalegea, akabonyeza tena, na msuli wa nje ukajitokeza mbio, ukiinua mkono kabla ya swali kuulizwa. Akautuliza, akabonyeza tena, taya likakaza. Akaliachilia taya. Akabonyeza. Chini ya kidole chake, pale pa ndani, palikuwa laini na baridi kama ugali wa jana.

Na aibu ilikuwa kubwa kuliko maumivu. Gakindu, mwanamume anayelala mchana wakati wa kuchuma kahawa ni mgonjwa mahututi au ni mlevi. Wapita njia waliweka ndoo zao chini wakachungulia dirishani, wakaona mtu mzima ametulia tuli akijishika paja, jasho likimtoka. Siku moja kichwa cha Kahiga kikatokea pale.

"Buda, unafanya nini?"

"Napigana," akajibu Ngatia, macho kwenye dari.

"Na nani?"

"Na paja langu, ewe mjukuu wa fisi. Vita hivi wewe huwezi hata kuviona, maana macho yako yamezoea kutazama vitu vinavyosonga."

Kahiga akatazama kwa makini.

"Mimi naona kochi ndiyo inashinda," akasema, akaenda zake akipiga mluzi wa mugithi, na viatu vyake vipya vikilia kwenye kokoto.

Ngatia akaumwa moyoni. Akalitazama paja lake, akashusha kiburi kidogo, kiasi cha kijiko cha chai, akalisemesha kwa upole:

Amka, mwana wa paja,
sote hapa twakungoja;
tetemeka mara moja,
mama apate tulia.

"Nitulie nini?" akasema Watiri kutoka jikoni. "Wewe umengoja hiyo nyama yako siku kumi na unalia mashairi. Mimi nimengoja Wambugu miaka kumi na moja, na umewahi kuniona nimelala kochini?"

Wambugu lilikuwa jina la baba yake, aliyezikwa miaka kumi na moja iliyopita chini ya shamba la kahawa. Na kwa desturi yetu mwana wa kwanza wa mtu huitwa kwa jina la babu yake, ili jina lililoingia ardhini litoke tena likikimbia uani. Ngatia alikuwa ametengeneza mageti mia nne na kumi. Wambugu hata mmoja.

Ikafika Jumanne ya juma la ngurario. Siku nne zilibaki. Saa nane mchana wanawake sita wa kanisa wakapanda mlima kuja kumwona mgonjwa. Na kwa kuwa mgonjwa haonwi kwa mikono mitupu, na kwa kuwa walikuwa wameambiwa mchele ndio dawa ya goti, kila mmoja akaja na pakiti zake mbili. Wakaziweka mezani moja baada ya nyingine, kwa taadhima.

"Kula, kijana yetu," akasema mkubwa wao, akimtazama Ngatia kwa huruma. "Kula yote. Itashuka kwa goti."

Ngatia akafungua kinywa ili awahutubie juu ya misuli ya ndani na ya nje, lakini mwanamke yule alikuwa ameshafumba macho. Maombi yakaanza. Nanyi mwayajua maombi yetu: hayana haraka, hupita kwa jirani, hupita kwa chama cha kahawa, huombea mvua na barabara, ndipo yafike kwa mgonjwa. Ngatia alikuwa amenaswa chali, taulo chini ya goti, kidole mahali pake. Hakuweza kunguruma. Hakuweza kukaza taya, maana angeonekana amekunja uso mbele za Mungu. Hakuweza kupigana hata kidogo. Kwa kukosa la kufanya, akabonyeza taulo taratibu, kama mtu agusaye mlango wa chumba chenye mtoto aliyelala. Na makalio yakanyamaza, na msuli wa nje, kwa kutosikia kelele yoyote ya kazi, ukabaki umekaa.

Na chini ya kidole kitu kikaruka.

Kilikuwa kidogo. Kilikuwa kama samaki mchanga anapogonga kiganja ndani ya maji. Ngatia akabonyeza tena, na kikaruka tena, kikajikunja, kikasimama kigumu kama punje ya kahawa.

"Ameamka!" akanguruma Mchomelea Mageti, katikati ya ombi la barabara. "Mama! Ameamka! Njoo umshike!"

Watiri akaruka meza. Akaweka vidole vyake pale, na mwanawe akabonyeza, na mama yule akakisikia kile kitu kikipiga teke chini ya ngozi. Nani ajuaye kilichompita moyoni? Kinywa chake kilifunguka kabla ya akili, na vigelegele vikatoka: kimoja, viwili, vitatu, vinne, vitano. Wanawake sita wakampokea, vitano kwa sauti moja, na bonde zima likapokea.

Enyi wasikilizaji, mmeanza kucheka, kwa hiyo mmejua. Katika matuta yetu, mtoto wa kike akizaliwa vigelegele ni vitatu. Wa kiume, vitano. Na tuta la ng'ambo ya mto halina masikio ya bure. Wachumaji wote kule waliacha kahawa, wakahesabu vidole. Vitano, kutoka kwa Mama Watiri. Na nani anaishi kwa Mama Watiri, wa umri wa kuzaa? Shiro. Shiro wa ngurario ya Jumamosi. Miongoni mwa wachumaji wale alikuwapo Beth, aliyeolewa tuta lile, shangazi wa damu wa bwana harusi. Naye Beth alikuwa na simu, na simu ilikuwa na chaji.

Kabla ya chai ya saa kumi, Kiganjo yote ilijua kwamba bibi harusi wao amejifungua mtoto wa kiume, salama, mbele ya wanawake wa kanisa.

Shiro akaingia sebuleni simu ikiwa sikioni, uso umemwiva. "Ben anauliza kama mtoto anafanana naye," akasema. "Ngatia, nasema hivi nikiwa nimetulia. Nani amezaa kwa hii nyumba?"

"Dada yangu," akasema Ngatia, akijiinua kwa kiwiko, "leo ukoo wa Wambugu umepata..."

"Msuli," akasema Watiri kwa sauti ndogo.

"Msuli?" Shiro akaketi mezani, juu ya mchele. "Mama, na wewe ukapiga tano?"

"Ni msuli ya kiume. Ulitaka nipige tatu?"

Simu zikavuka mlima na kurudi siku tatu. Mara ya mwisho alizungumza msemaji wa wakwe mwenyewe, mzee wa sauti nzito, mkufunzi mstaafu wa chuo cha polisi pale Kiganjo. "Mama Ngatia," akasema, "sisi hatukatai baraka. Lakini hatutakata mbuzi kabla ya kuonyeshwa huyo kijana wa vigelegele vitano. Kama ni msuli, basi tuonyeshwe msuli." Na Shiro akamgeukia kaka yake: "Umezaa, utaonyesha. Ukishindwa mbele ya watu wa Ben, usijaribu hata kusimama kwa mstari. Kahiga ataongoza, na mimi nitampigia makofi."

Hivyo ndivyo kipimo cha Rowda kilivyotoka kliniki kikawa cha ulimwengu wote. Ijumaa, kochini, Ngatia aliinua mguu akafika sita, goti likalegea. Akajaribu jioni. Saba.

Jumamosi ikapambazuka kweupe, mlima umevua kofia yake ya mawingu utazame. Mahema yakajaa. Mchele wa wanawake wote wa kanisa ulikuwa umegeuka sufuria nne za pilau, na hivyo dawa ya goti ikawafikia watu mia mbili wasio na ugonjwa. Rowda alikuwa ameshuka kutoka Nyeri kwa mwaliko wa Watiri, buibui lake jeusi limebanwa kwa pini, akakaa mstari wa mbele. Kochi likabebwa nje na wanaume wanne, likawekwa katikati ya uwanja, vitambaa vyake vya kufuma vikipepea kama bendera.

Ngatia akalala. Akakunja suruali. Kahiga akasimama karibu na spika, akiupasha moto mguu mmoja kisha wa pili.

"Wakwe zangu wa Kiganjo," akaanza Ngatia, "mlikuja kumwona mtoto. Naam. Baba zenu waliona simba, lakini hawakuona hiki. Msimtazame huyu mnene wa nje, huyo ni mlafi. Tazameni hapa ndani, juu ya goti, umbo lake ni la tone la maji..."

"Inua, buda," akasema Kahiga. "Nyama inapoa."

Ngatia akavuta pumzi. Hakunguruma. Akagusa ule mlango kwa upole, na pale pa ndani tone likajitokeza, likakaza, wanawake waliokuwa mbele wakasema "Aaa!" Ndipo mguu, ulionyooka kama komeo, ukaachana na kochi.

Msemaji wa Kiganjo akahesabu kwa sauti ya gwaride. "Moja! Mbili! Tatu! Nne!" Watu wakaitikia. "Tano! Sita!" Hapa palikuwa mwisho wa Ijumaa asubuhi, mguu ukapita. "Saba!" Hapa palikuwa mwisho wa jioni, paja likaanza kutetemeka, msuli wa nje ukaomba kusaidia, ukakatazwa. "Nane! Tisa!"

Na mzee yule akanyamaza.

"Kumi!" akasema Rowda kutoka mstari wa mbele. "Mzee, sema kumi."

"Siwezi," akasema msemaji. "Huyu mmesema ni mtoto. Sisi hatuhesabu watoto wa mtu hadi kumi, ni mkosi. Tunasema kenda, halafu tunaijaza."

"Basi ijaze!" akalia Ngatia.

"Inajazwa na wazee wa upande wa kuumeni wakikubaliana," akasema mzee, akiwageukia wenzake. "Mnaonaje? Kenda imejaa?"

"Ingoje kidogo," akasema mzee wa pili, akifuta miwani. "Ile kenda ya mbuzi wa mahari, mwaka juzi, ilijazwa haraka."

"Lakini hii si mbuzi."

"Ndiyo nasema. Kama ingekuwa mbuzi ningekubali."

Mguu ulikuwa hewani. Jasho lilishuka kutoka kwenye paji la uso la shujaa likaingia sikioni. Shiro, aliyefichwa ndani pamoja na wasichana waliofunikwa shuka ili Ben amtambue wake kati yao, akatoa kichwa dirishani. Kahiga aliacha kupasha moto mguu; kwa mara ya kwanza tangu mwezi wa nane alisahau kumcheka, na midomo yake mwenyewe ikawa inahesabu. Na Watiri akapiga magoti kando ya kochi, akaweka vidole viwili pale pa ndani, akamwambia mwanawe, au akamwambia yule mwingine, hatujui: "Kaa. Kaa hivyo hivyo. Usiende."

Hakwenda.

"Imejaa," akasema mzee wa miwani hatimaye.

"Kenda iliyojaa!" akanguruma msemaji.

"Shusha polepole," akasema Rowda, akisimama. "Mimi nimehesabu ishirini na mbili. Utaongoza. Raundi moja, na kushuka chini hapana."

Kenda ikishajazika
pasipo kutetereka,
mguu ukainuka:
Wambugu katufikia.

Ndiyo, Wambugu, maana Watiri, akiwa bado amepiga magoti, aliwatazama wakwe akasema kwamba mtoto aliyepigiwa vigelegele hakai bila jina, na jina la mwana wa kwanza wa Ngatia linajulikana. Wengine wakacheka. Msemaji wa Kiganjo hakucheka. Alitema mate kidogo kifuani mwake kwa baraka, kama afanyavyo mzee kwa kitoto cha kweli, akasema, "Wambugu, kua. Na umwite ndugu yako anayeweza kutembea." Watiri akafuta macho kwa ncha ya leso, na Ngatia akautazama mlima kwa muda mrefu kuliko ilivyohitajika.

Mbuzi akakatwa. Pilau ikaliwa. Na gitaa lilipoanza, Kichwa cha Treni akasimama mahali pake. Mikono iliyomshika mabegani ilikuwa ya Kahiga.

"Ukianguka nakushika," akasema Kahiga.

"Sianguki, mjukuu wa fisi."

"Najua. Nasema tu."

Wakazunguka hema raundi moja. Wimbo ulipoamuru kushuka, watu mia mbili wakateremka majanini, na mmoja tu akabaki wima, kifua mbele, mkono juu ya paja la kulia, mrefu kuliko Kiganjo yote. Katika miaka tisa ya kushuka hakuwahi kuonekana mkubwa kiasi hicho.

Basi iandikwe popote yanapoandikwa matendo ya watu wa mlima: kwamba mwaka huu, Gakindu, bila upanga wala mkuki, kwa taulo moja, Ngatia mwana wa Wambugu aliinua mguu wake mwenyewe. Watiri alipoiona treni ikifika mwisho hakuweza kujizuia. Akapiga vitano tena, na bonde likavichukua.

Ng'ambo ya mto, mzee mmoja asiyealikwa aliacha kahawa yake, akainua kichwa, akahesabu vidole mpaka mkono ukaisha.

"Mapacha," akasema, akaenda kutafuta simu.